“Injini haijaguswa”: kiapo cha dalali na amana ya dada mjane



SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ambaye hata kabla ya kupewa utume watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, na ambaye alifanya biashara kwa mali ya watu wengine akairudisha ikiwa na faida na ikiwa safi.

Ndugu msomaji, safu hii imezoea kuzungumzia ndoa, malezi na mirathi. Wiki hii tutazungumzia injini ya gari. Usishangae, kwani barua iliyotufikia kutoka Ujiji inaonesha jinsi mirathi, undugu na amana vinavyoweza kukutana chini ya boneti moja.

Muulizaji, ambaye jina lake tunalihifadhi, anaeleza kuwa baba yao alikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Alipofariki, mama yao akiwa ametangulia, aliacha boti, mashine ya boti na kiwanja kimoja. Vitu vikauzwa, madeni yakalipwa, na kilichobaki kikagawiwa kwa mujibu wa sharia: mafungu mawili kwa kila mmoja wa watoto wawili wa kiume, na fungu moja kwa dada yao. Dada huyo ni mjane mwenye watoto wanne. Ndugu hao wakashauriana, wakaona kuliko kila mmoja kula fungu lake likaisha, bora wanunue pikapu iliyotumika, ipakie dagaa na mawese kutoka mwaloni Kibirizi kwenda Kasulu, na irudi na maharage. Fedha zote zikakabidhiwa kaka mkubwa, naye ndiye aliyetuandikia.

Dalali mmoja wa Mwanga amemwonesha gari. Limeoshwa likang'aa mpaka injini. Dalali anaapa kwamba “injini haijaguswa,” na anamhimiza alipe kabla ya Jumamosi, kwani yuko mteja mwingine anayekuja na fedha taslimu. Ndugu yetu anauliza mambo mawili. La kwanza: nitaijuaje injini nzima na mimi si fundi? La pili: ikifa baada ya kununua, nitakuwa na deni kwa dada yangu mbele ya Allah?

Tulimpigia simu tukamsihi asitoe fedha kwanza. Hapa tunamjibu kwa urefu, kwa faida yake na ya wengine walio katika hali kama yake.

Amini na mzembe

Tutaanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo linalolipa uzito la kwanza. Wanavyuoni wa fiqhi wanaeleza kwamba mtu aliyekabidhiwa mali na mwenzake kwa ridhaa ni amini. Mali hiyo ikiharibika pasipo uzembe wake, wala pasipo yeye kuvuka mipaka aliyowekewa, halazimiki kuilipa. Akizembea, dhamana inamrudia yeye.

Basi, ndugu yangu, mpaka baina ya bahati mbaya na uzembe unauchora wewe mwenyewe siku ya kununua. Ukikagua kwa kadiri ya uwezo wako, ukamchukua mtu mjuzi, ukauliza, ukaandika, kisha injini ikafa kwa kasoro ambayo hata mjuzi asingeiona, umetimiza amana yako, na hasara hiyo ni yenu nyote kwa mafungu yenu. Lakini ukitoa fedha ya mjane kwa sababu dalali aliapa na Jumamosi inakaribia, utakuwa na la kujibu.

Jambo jingine: mshirikishe dada yako. Fungu lake ni mali yake kamili, na kukukabidhi fedha hakumwondolei haki ya kuuliza. Mwoneshe gari, mweleze ulichokiona, na umwache aseme neno lake kabla mkono wa muuzaji haujapokea kitu.

Maana ya “haijaguswa”

Muuzaji anaposema injini haijaguswa, anakusudia kuwa haijapata kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Hulisema kama sifa, na mara nyingine ni sifa kweli. Lakini injini ya dizeli iliyotembea kilometa 400,000 bila kufunguliwa yaweza kuwa inangoja kufunguliwa na wewe, kwa fedha yako. Na injini iliyofunguliwa na fundi hodari, ikatiwa ringi, beringi na gasketi mpya, yaweza kuwa nzima kuliko hiyo. Kwa hiyo muulize muuzaji: iliguswa lini? Na nani? Kwa sababu gani? Risiti za vipuri ziko wapi? Mwenye gari lililotunzwa huwa na majibu, hata kama risiti zimechakaa.

Wala usiitegemee mita ya kilometa peke yake, maana mita hurudishwa nyuma. Itazame pamoja na raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Mita ikisema 90,000 na raba ya klachi imelika mpaka chuma, kiamini chuma.

Umri nao si hukumu. Watu wa Kigoma wana ushahidi wa jambo hili katika historia ya bandari yao. Meli tunayoiita Liemba ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakiondoka waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, waliikuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Chuma kilichohifadhiwa kwa mafuta kilistahimili maji ya ziwa miaka minane. Injini ya gari iliyokosa oili haimalizi safari moja ya Kasulu. Kwa hiyo ukikagua gari la zamani, tafuta dalili za matunzo kabla ya kuhesabu miaka.

Nenda baada ya Alfajiri

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Mengi ya injini hujulikana ikiwa baridi, na muuzaji mjanja analijua hilo. Ndiyo maana mnunuzi huitwa saa nne asubuhi, akalikuta gari linanguruma tayari.

Mwambie muuzaji kwamba utakuja baada ya sala ya Alfajiri, na kwamba unaomba gari lisiwashwe mpaka ufike. Ukifika, baada ya salamu, weka kiganja juu ya boneti, kisha usogeze karibu na injini kwa tahadhari. Likiwa na joto, limekwisha kuwashwa. Yawezekana sababu ni njema. Basi ahirisha mpaka kesho yake. Likikutwa na joto mara ya pili, umejibiwa.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto, kwani maji yake yanaunguza uso na macho. Maji yenye dawa ya kupooza huwa na rangi safi, ya kijani au nyekundu. Yakiwa ya kahawia kwa kutu, gari limenyweshwa maji ya kawaida kwa muda mrefu, na njia za maji ndani ya injini huenda zimeanza kuziba. Yakiwa na utando wa oili juu yake, shuku gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe kupasuka.

Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Katika injini ya dizeli oili huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa hiyo weusi si kosa. Unachokitafuta ni rangi ya chai ya maziwa, kwani hiyo ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Tazama pia upande wa ndani wa kifuniko cha kumiminia oili. Oili ikiwa nzito mno kuliko kawaida, uliza imetiwa kitu gani, maana wako wanaoongeza dawa nzito ili kugonga kusisikike na moshi upungue kwa siku chache.

Injini iliyooshwa ikang'aa isikufurahishe. Vumbi hukuonesha mahali oili ilipovuja, na aliyeiosha ameufuta ushahidi huo. Mwombe muuzaji gari litembee siku mbili tatu, kisha litazame tena chini yake, penye sili za mbele na za nyuma ya injini, na ardhini mahali lilipolala.

Taa, mlio na moshi

Washa swichi bila kupiga stati. Taa ya oili lazima iwake, na taa ya injini kwa magari yenye mfumo wa umeme. Magari mengi ya dizeli ya Toyota yana pia taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kukumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi. Nayo, kwa kawaida, huwaka kidogo unapofungua swichi, kisha huzimika injini inapounguruma. Taa isiyowaka kabisa yaweza kuwa imeng'olewa balbu ili isiseme. Mkanda huo ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima hulala. Kwa injini za Toyota za familia ya L, kipimo kinachojulikana ni kuubadilisha kila kilometa 100,000. Usipopewa ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uipunguze gharama hiyo katika bei.

Sasa piga stati. Taa ya plagi za kupasha joto ikishazimika, injini nzima ya dizeli huwaka baada ya mizunguko michache. Sikiliza sekunde za mwanzo. Mlio wa dizeli wa kugongagonga juu juu ni wa kawaida. Mgongo mzito utokao chini, kama nyundo iliyofungwa kitambaa, ni dalili ya beringi za kranki kuchakaa.

Mweke mtu nyuma atazame moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi, unaokatika baada ya muda mfupi, si tatizo. Ukiendelea injini ikiwa imepata joto, ama dizeli haiungui sawasawa ama maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni dizeli inayozidi hewa, na sababu yaweza kuwa ndogo, kama chujio la hewa lililoziba, au kubwa, kama nozeli na pampu.

Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kumiminia oili na ukilaze juu ya tundu lake. Mvuke kidogo hauna neno. Moshi ukitoka kwa mapigo na kifuniko kikarukaruka, gesi inapenya pembeni mwa pistoni, maana yake ringi au silinda zimekwisha. Hapo ovahoo haiko mbali, na hakuna kuosha kunakoweza kuificha.

Mwache kilima aseme

Muuzaji atapenda ulijaribu gari tupu kwenye barabara tambarare. Lakini wewe hununui gari la kubeba hewa. Kigoma ina vilima, basi vitumie. Pakia mzigo wa halali kwa gari hilo, hata kama ni viroba vya mchanga, upande kutoka ziwani kwenda Mwanga, kisha uendelee Mwandiga na kushika njia ya Manyovu penye milima. Nusu saa ni ndogo. Saa nzima ni bora. Macho yawe kwenye mshale wa joto. Injini nzima hupanda hadi mahali pake na kutulia hapo. Mshale ukiendelea kupanda kila kilima kinapoongezeka, gari linachemsha.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Fundi akiletewa gari linalochemsha, mara nyingine huitoa thamostati na kuitupa, kwa kuwa huo ni uponyaji wa haraka. Gari hilo asubuhi mshale wake hautaki kupanda, na mnunuzi hudhani lina injini baridi na nzuri. Ukiona mshale unakaa chini mno hata baada ya mwendo mrefu, uliza kama thamostati ipo, na kama haipo, ilitolewa kwa sababu gani.

Katika mteremko mrefu acha gari lishuke likiwa kwenye gia, bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga. Anayefuata nyuma kwa pikipiki akiona wingu la buluu wakati huo, sili na gaidi za valvu zimechoka. Mkirudi, iacheni injini iendelee kuunguruma, mtazame chupa ya akiba ya maji: mapovu yasiyokatika ni gesi inayopita kwenye gasketi. Kisha zimeni, mngoje dakika kumi, mwashe tena. Injini inayowaka vizuri asubuhi lakini ikawa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, mara nyingi pampu yake ya dizeli imechakaa, na pampu ni kipuri cha bei kubwa.

Ipi inafaa kwa njia zenu?

Ndugu yetu hakuuliza aina ya injini, lakini ni jambo la msingi. Pikapu za Hilux za zamani zilitumia injini za 2L, 3L na 5L, zenye ujazo wa sentimita 2,446, 2,779 na 2,986. Zile zisizo na turbo hupanda mlima polepole, lakini pampu zake ni za kimekanika, na mafundi wanaozifahamu ni wengi. Pikapu za Isuzu zenye injini ya 4JA1 nazo zinajulikana kwa usahili wa aina hiyo.

Hilux zilizofuata zilipata injini za 2KD na 1KD, zenye turbo na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme. Zina nguvu zaidi na hutumia mafuta vizuri, lakini zinataka dizeli safi isiyo na maji, na nozeli zake hupimwa kwa mashine maalumu. Katika 1KD za mwanzo, washa za shaba zilizo chini ya nozeli zimejulikana kuvuja. Gesi hupita, masizi huingia kwenye oili, na hatimaye chujio la kuvutia oili lililo chini ya injini huziba, injini ikakosa oili hali oili imo. Ukinunua aina hii, uliza washa hizo zilibadilishwa lini.

Swali la kujiuliza kabla ya kupenda nguvu ni hili: gari likizimika Kidahwe saa mbili usiku na dagaa wa watu nyuma, nani atakayeweza kulitengeneza, na kipuri kitatoka wapi? Kama jibu ni kuagiza Dar es Salaam na kungoja, hesabu siku hizo kuwa sehemu ya bei.

Na katika ukaguzi wote huu, nenda na fundi wako. Mlipe wewe ujira wake kamili, gari linunuliwe au lisinunuliwe. Fundi anayengoja kamisheni ya mauzo hawezi kukwambia acha.

Kwa wanaouza

Haki haimwangukii mnunuzi peke yake. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji ndani. Alipoambiwa kuwa ni mvua, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akatoa onyo kali juu ya kughushi. Aliyeosha injini ili isionekane inavuja, aliyeipasha moto kabla ya mnunuzi kufika, aliyetia dawa nzito kwenye oili, na aliyeng'oa balbu ya taa, wote wameiweka nafaka kavu juu. Na dalali asidhani kamisheni inamtoa katika jambo hili. Anayeapa juu ya asichokijua amebeba kiapo chake mwenyewe.

Wako pia wanaosema, “Nimekuuzia kama lilivyo,” wakadhani neno hilo limefuta kila kitu. Halimsafishi aliyeijua kasoro akaificha. Sharia inampa mnunuzi hiari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha kitu kilichokuwa na kasoro iliyofichika kabla ya kuuzwa, kama hakuijua wakati wa kununua, mradi asicheleweshe madai yake baada ya kuigundua. Iko pia hiari ya sharti: wawili kukubaliana kwamba mmoja wao au wote wana muda wa kufikiri na kurudisha. Katika madhehebu ya Imam Shafi muda huo hauzidi siku tatu. Siku tatu ni tele kwa mwenye kujua anachokitafuta.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba. Lakini sheria hiyo inamtazama pia mnunuzi: kama angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida na hakufanya hivyo, madai yake yaweza kudhoofika. Kumbe sharia na sheria zote mbili zinakutaka uwe macho.

Kwa hiyo andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'an, inafundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi katika biashara. Katika karatasi yenu yaandikwe majibu ya muuzaji kama alivyoyasema: injini haijafunguliwa, au ilifunguliwa lini, haichemshi, mkanda ulibadilishwa lini. Liandikwe na sharti la siku tatu. Namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma ilinganishwe na iliyo katika kadi ya gari, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Yaandikwe pia baina yenu ndugu: mtaji ni mafungu mawili, mawili na moja, na katika madhehebu ya Imam Shafi faida na hasara hufuata mafungu hayo. Kama mmoja wenu ndiye dereva, ujira wake ukubaliwe na uandikwe mbali na faida, ili dada asije akaambiwa kila mwezi kwamba gari halikuingiza kitu.

Kabla hatujalipeleka gazeti mtamboni, ndugu yetu alitupigia simu. Alikwenda kwa muuzaji baada ya Alfajiri, akiwa na fundi na dada yake. Dada ndiye aliyeweka kiganja juu ya boneti, akamtazama kaka yake bila kusema neno. Ilikuwa na joto. Waliomba kurudi kesho yake, wakaambiwa mteja wa Kasulu hawezi kungoja. Wakaomba waandikiwe sharti la siku tatu, dalali akacheka. Wakamlipa fundi ujira wake, wakapanda bajaji kurudi Ujiji.

Bado wanatafuta. Fedha ya mirathi iko salama, pungufu kidogo kwa ujira wa fundi na nauli, na matumizi hayo yameandikwa katika daftari ambalo dada ndiye anayelitunza. Tunamwomba Allah (s.w) awape gari lenye kheri, na awape wauzaji wetu ujasiri wa kuitaja kasoro kabla ya kuitaja bei.

Wabillahi tawfiq.